Namba Ile Ile, Njia Nyingine

"Sindano, uzi umekatika."

Sauti ilitoka kwenye kisikilizio kilichofichwa ndani ya helmeti. Sindano alikuwa juu ya Yamaha nyeusi, nyuma ya lori la saruji, katikati ya foleni ya asubuhi. Hakugeuza shingo.

"Uzi gani, Mjomba?"

"Wa nyumba ya kona. Umekatwa juzi, sisi tumejua sasa hivi. Kijana anapiga saa tatu kamili."

Alitupia jicho Casio yake. Saa mbili na dakika thelathini na moja.

Dakika ishirini na tisa.

Akalala upande mmoja na pikipiki, akapenya kati ya lori na ukingo wa barabara pale ambapo hata mbwa angefikiri mara mbili.

Jina alilopewa na mama yake lilifungiwa katika kabati la ofisi. Huku nje aliitwa Sindano, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na alikopita hakukuonekana tundu. Kabla Idara ya usalama haijamchukua alikaa miaka saba juu ya nguzo za simu, mkanda kiunoni na koleo mkononi. Aliyemwita hewani alikuwa mkuu wake. Watu walimwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa mtu yeyote, na waliomwita hivyo hawakuomba kumtembelea.

Mjomba alimweleza huku pikipiki ikila barabara.

Katika nyumba ya kona aliishi mama mmoja. Mwanawe wa mwisho, Kitinda, alikuwa fundi wa mashine melini. Siku moja Kitinda alifungua kontena ambalo hakupaswa kulifungua, akakuta bunduki zimepangwa kama vijiti vya kiberiti, na anwani ya mzigo ilikuwa ni huku nyumbani. Meli ilipotia nanga ugenini akaruka. Hii ilikuwa siku ya tano anajificha, hana karatasi, hana simu. Kichwani alikuwa na namba moja tu, namba ya nyumbani kwao, aliyoikariri kabla hajajua kusoma. Akatuma neno kwa baharia mwenzake, likaifikia Idara: Alhamisi, saa tatu asubuhi, nitampigia mama; atakayetumwa kwake ataje kisigino nilichoungua kwa pasi.

Idara ikatega sikio kwenye mitambo ya simu na kungoja. Leo asubuhi wakajaribu kuipiga namba ile kutoka nje ya nchi, kuhakikisha tu.

"Akapokea mwanamke," Mjomba alisema. "Akasema, 'Mwanangu, uko wapi?' Sisi hatujatamka neno."

"Si mama yake?"

"Mama yake hupokea kwa 'Nani mwenzangu?' Siku zote tulizomsikiliza, hajawahi kusema jingine."

Mahali fulani alikaa mtu akimngoja mtoto wa mwenzake.

Na mtoto yule angejibu. Angesema alipo.

Kufika adhuhuri angekuwa maiti.

Nyumba ilikuwa na mlango wa kijani. Sindano alibisha. Akaulizwa ni nani, akaulizwa anatoka wapi, akaulizwa anamtaka nani, yote hayo mlango ukiwa umefungwa. Akainamia tundu la ufunguo.

"Shikamoo mama. Aliyeungua kisigino kwa pasi ya mkaa amenituma nikuamkie."

Likafunguliwa komeo la juu, komeo la chini, mnyororo.

"Marahaba, mwanangu. Ingia upesi."

Mama alikuwa mfupi, mtandio kichwani, macho makavu ya mtu anayelala kidogo na kusali sana. Sebule ilikuwa safi kama sahani. Juu ya kimeza, kwenye kitambaa cha kufuma, kiliketi kisanduku cheupe chenye taa tatu za kijani. Kando yake simu mpya, nyepesi kama ganda la yai.

Sindano alikigeuza kisanduku. Hakikuwa na muhuri wa kampuni. Tundu dogo la skrubu lilikuwa limekwaruzwa; mtu alikwisha kukifungua.

Alimwuliza mama ni nani aliyekileta. Mama akasema ni fundi, kijana mwenye adabu, kitambulisho shingoni. Alikuja Jumanne. Alisema nyaya za mtaa mzima zinaondolewa, sasa simu zinapita kwenye mtandao, sauti inakuwa safi hata mtu akiwa ng'ambo. Mama hakutaka. Aliogopa namba itabadilika, na namba ile ndiyo kamba pekee iliyomfunga na mwanawe. Yule fundi akacheka kwa upole, akamwambia neno moja ambalo mama alilirudia sasa polepole, kama anayeonja chakula akitafuta sumu.

"Namba ile ile, mama. Kinachobadilika ni njia tu."

"Hapo hakusema uongo," Sindano alisema.

Akamweleza kwa kifupi. Zamani sauti ilitembea juu ya waya wa shaba, kutoka mitamboni hadi ukutani hapa. Sasa inapita kwanza kwenye kompyuta ya waliofunga kisanduku, na mwenye ufunguo wa kisanduku huipeleka simu anakotaka. Jirani akipiga, wanaiacha ilie hapa, mama asishikwe na shaka. Simu ya ng'ambo ikija, wanaipokea wao.

Mama alinyoosha mkono kwenye soketi. "Tuchomoe basi."

Sindano akaushika ule mkono.

"Ukichomoa kinakufa huku tu. Kule kwao simu itaingia vilevile. Tena watajua kwamba tumejua."

Mama akaketi. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

Saa mbili na dakika arobaini na tatu.

Sindano akatoa Motorola mfukoni, ndogo kama sabuni ya kuogea. "Mjomba. Rudisheni namba kwenye waya."

"Kampuni imekataa. Wanasema ombi la kuhama ni halali, kufuta ni siku tatu. Mwenye namba ametia saini mwenyewe, Jumanne."

"Mwenye namba nani?"

"Mzee wa nyumba."

Sindano akamgeukia mama. "Mzee yuko wapi?"

Mama alikunja ncha ya mtandio, akaikunjua. Kwa mara ya kwanza macho yake yalikwepa.

"Mungu anisamehe," alisema. "Mume wangu yuko kaburini, huu mwaka wa sita. Lakini mwanamke wa peke yake hamwambii mgeni kwamba yuko peke yake. Viatu vyake naving'arisha kila Jumamosi, naviweka pale mlangoni. Akija mwanamume nisiyemjua namwambia, baba amelala chumbani, sema polepole. Hata huyo fundi nilimwambia hivyo. Akavitazama viatu, akaanza kunong'ona. Akaandika huku ananyata."

"Na bili za simu?"

"Zinakuja kwa jina lake. Sikutaka kulifuta. Ni mahali pekee ambapo bado anaandikiwa barua."

Sindano hakucheka mara kwa mara kazini. Safari hii alicheka, kidogo, puani.

Wenye zile bunduki walikuwa na kompyuta, magari, na pesa za kigeni. Walikuwa wamemchunguza mama hadi namna anavyokohoa. Walipohitaji saini ya mwenye namba hawakuthubutu kumwamsha mzee, wakamghushia kimyakimya. Hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwamba jozi ya viatu inaweza kulinda nyumba kuliko mbwa.

"Mjomba. Aliyetia saini Jumanne ni marehemu wa miaka sita."

Karatasi zikachakacha hewani.

"Cheti kipo?"

Mama alikuwa amekwisha kusimama. Cheti cha kifo kilitoka ndani ya kitabu cha sala, kimekunjwa mara nne. Sindano akakipiga picha kwa Motorola, akamrushia Mjomba.

"Uongo wangu mdogo umekutana na uongo wao mkubwa," mama alisema.

"Na wako una viatu, mama."

Motorola ikakoroma. Kampuni ilikuwa imefuta ombi papo hapo. Dada wa mitamboni, aliyekaa zamu kule tangu alfajiri, alikuwa anaivuta namba irudi kwenye shaba. Dakika nane. Angejaribu laini kwa mlio mmoja kabla ya kuifungua, kama ilivyo desturi. Lakini waya wa upande huu uwe mzima.

"Mama, simu yako ya zamani?"

"Aliniambia niitupe. Kitu cha mume wangu hakitupwi."

Ilikuwa chini ya kitanda, nyeusi, nzito kama tofali, ndani ya foronya.

Sindano akatoka uani na ngazi ya mama. Ukutani, juu ya dirisha, waya ulikuwa umekatwa na ncha zake zikaachwa zinaning'inia. Akapanda. Akavua ganda la plastiki kwa koleo, shaba ikang'aa.

Kutoka pale juu aliiona barabara.

Hiace nyeupe. Ngazi juu ya paa, vioo vyeusi. Ilikuwa imeegeshwa chini ya ukuta wa jirani, na majani yaliyokauka yamejaa kwenye wipa. Gari la mafundi lililokaa siku mbili bila kazi.

Saa mbili na dakika hamsini na mbili.

Mlango wa Hiace ukafunguka.

Namba ilikuwa imewaponyoka. Walikuwa wameiona ikienda.

Aliyeshuka alivaa koti la fundi na kitambulisho shingoni. Alikuja bila haraka, akapita geti dogo la uani, akasimama chini ya ngazi. Glock yenye kizuia sauti ilikuwa ubavuni mwake, imeelekezwa juu. Vidole vyake vilikuwa laini. Mtu aliyewahi kuvuta nyaya ana makovu. Huyu alikuwa na mikono ya karani.

"Shuka, dada," alisema kwa adabu ileile. "Kwanza nipe hizo nyaya. Polepole."

Sindano alitazama saa. Hamsini na tatu.

Akamteremshia nyaya mbili, ncha zikiwa tupu. Yule akazikamata zote kwa mkono wa kushoto, azivute.

Fundi wa kweli hashiki ncha mbili.

Mbali kule mitamboni, dada wa zamu alibonyeza kitufe, na mlio wa kujaribu laini ukashuka kwenye shaba. Umeme wa mlio wa simu hauui mtu. Lakini huuma kama nge. Yule kijana aliruka, mkono ukafyatuka, risasi ikaingia kwenye vigae kwa sauti ya mtu anayetema mate.

Ya pili haikuja. Sindano alikuwa amekwisha kujiachia kutoka juu, magoti mbele.

Walianguka pamoja. Koleo likapiga kifundo cha mkono, Glock ikateleza hadi kwenye karo. Kipigo cha pili kikatua nyuma ya sikio. Kijana akalala, adabu zake zote kando yake.

Sindano akamfunga mikono kwa waya wa mtandao ambao kijana mwenyewe aliuleta Jumanne. Akapanda tena. Akasokota shaba kwa shaba. Vidole vilikumbuka vyenyewe.

Hamsini na nane.

Ndani, mama alikuwa amechomeka simu nyeusi ukutani na kukaa mbele yake, mikono magotini. Sindano akachomoa kifaa cha majaribio kutoka mkandani, akakiunga kwenye laini, akakiweka sikioni.

"Muulize alipo tu. Na kontena. Mengine yote baadaye."

"Nikimsikia nitalia."

"Lia baadaye, mama."

Saa tatu.

Hakuna kitu.

Saa tatu na dakika moja. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea kwa kishindo.

Simu ikalia. Mlio wa chuma, wa zamani, uliojaza nyumba nzima.

"Nani mwenzangu?"

Pumzi. Kelele za soko la mbali. Kisha sauti ya kijana, imekauka: "Mama, ni mimi."

Mama alifumba macho. Mkono wake wa kushoto uliminya nguo ya gotini hadi vidole vikapauka. Lakini sauti yake ilitoka imara, kama ya mwanamke anayeagiza sukari dukani. Akamwuliza yuko wapi. Kijana akataja mtaa, na duka la vioo karibu na stendi. Akamwuliza mzigo. Naye akatoa namba ya kontena mara mbili, na siku ya meli kufika: leo, saa kumi. Sindano alirudia kila neno kwenye Motorola kwa mnong'ono.

Mama alipomaliza, akausogeza mkono wa simu karibu zaidi na midomo.

"Umekula?" akauliza.

Hilo halikuwa kwenye maagizo. Sindano alitazama dirishani.

Dakika mbili baadaye alibisha kioo cha Hiace kwa ncha ya koleo. Bastola yake ya Beretta ilikuwa mkono wa pili.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, visikilizio masikioni. Alikuwa na uso wa kawaida kabisa, uso wa mtu unayeweza kumwachia mtoto ukaenda sokoni. Mapajani alikuwa na daftari. Kurasa zilijaa maneno ya mama wa nyumba ya kona, yameandikwa kwa mwandiko mzuri: namna anavyoita, namna anavyokemea, wimbo anaoufuata jikoni. Chini kabisa, limepigiwa mstari: *Umekula?*

"Amepiga?" mwanamke aliuliza.

"Amepiga."

"Kwa mama yake?"

"Kwa mama yake."

Yule mwanamke alivua visikilizio, akavikunja waya taratibu. "Angenitambua kwamba si mama yake?"

Sindano akamjibu kweli.

"Hapana."

Magari mawili ya Idara yakaingia mtaani bila king'ora.

Saa tatu na dakika arobaini na nane, Mjomba alirudi hewani. Kijana alikuwa ndani ya gari la watu wetu, hajambo, amekula mikate miwili. Bandarini kikosi kilikuwa kimeshajipanga kulipokea lile kontena.

"Kazi safi," Mjomba alisema. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Sindano alimfikishia mama habari. Mama akainamisha kichwa, na sasa ndipo alipolia, bila sauti. Alipomaliza akajifuta kwa mtandio, akaitazama simu nyeusi kama mtu anayemtazama mbwa aliyemzoea lakini ameona meno yake.

"Ikilia tena nipokee?"

"Pokea, mama. Lakini usimwite mtu mwanangu kabla hajasema neno."

Akakichukua kile kisanduku cheupe, akakitia kwapani. Taa zake zilikuwa zimezimika. Nje, kijana wa vidole laini alikuwa anaingizwa garini, na majirani walikuwa wametoka milangoni. Wawili kati yao walimsimamisha Sindano wakauliza kama ni yeye fundi wa simu za mtandao, maana nao waliahidiwa kubadilishiwa wiki ijayo.

"Mimi nakata tu," Sindano alisema.

Akavaa helmeti, akawasha Yamaha, akaondoka polepole, kama mtu anayekwenda kununua nyanya.