Mstari wa Tatu

Siku alipokutana na Fundi, nesi alikuwa amemkalia mgonjwa kifuani. Ilikuwa saa nne asubuhi, mapokezi ya majeruhi yamefurika, watu wa koo mbili wamekatana mapanga kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Mwanamume mwenye jeraha la paja alikuwa akirusha ngumi ovyo, na gauni jeupe la nesi lilikuwa limelowa damu hadi kiunoni.

"Wewe mwenye shati la pasi, shika miguu."

"Mimi ni fundi wa programu, Sista. Nimekuja kufunga mfumo wa kompyuta."

"Nimekuuliza kazi yako? Shika."

Alishika, akala teke la mdomo. Nesi alicheka mpaka machozi. Kabla ya adhuhuri Fundi alikuwa ameomba namba ya simu, mdomo umemvimba, na akapewa.

Miezi mitano walipendana bila kificho. Fundi alitengeneza jedwali la wagonjwa kwenye skrini: kila mgonjwa mstari wake, wapya juu, wa zamani chini. Nesi anagusa mstari, anabonyeza, na ndugu wanapata ujumbe: amelazwa, ametoka, amefariki.

"Unalipenda jedwali lako kuliko mimi," nesi alimtania kwenye simu.

"Jedwali halinikatii simu, mpenzi."

Kisha koo zile zikakatana tena. Majeruhi mmoja alikufa mikononi mwa nesi. Akagusa mstari wake, wa tatu kutoka juu, akabonyeza amefariki.

Ujumbe ukaenda kwa watu wengine, ambao ndugu yao alikuwa kitandani akidai chai. Hawakuuliza. Walikwenda moja kwa moja kwa mahasimu wao wakachoma nyumba, na babu mmoja asiyeweza kutembea akateketea humo. Walipogundua ndugu yao mzima, walirudi hospitali kumtafuta aliyetuma ujumbe. Wakamvunja nesi mkono kwa chuma cha kutundikia dripu.

"Niligusa mstari wa marehemu," alimwambia Fundi kwenye simu, akihema kwa maumivu. "Naapa, Fundi wangu."

"Mpenzi, programu haikosei. Ulikuwa umechoka tu."

"Sawa," nesi akasema, akakata simu. Hakupokea simu yake tena. Leseni yake ya uuguzi ikazuiwa mpaka kikao cha uchunguzi cha Jumatatu.

Fundi alifungua programu ili ajiridhishe kwamba yuko sahihi. Siku ya pili akaliona kosa. Programu yake haikukumbuka mgonjwa, ilikumbuka nafasi ya mstari. Nesi alipomchagua marehemu, kabla hajabonyeza, mgonjwa mpya aliingizwa juu. Mistari yote ikashuka, na aliyekuwa wa pili akawa wa tatu. Fundi alichapisha kumbukumbu zote za siku ile.

Jumatatu, koo zote mbili zikiwa zimeketi na nesi mbele yao na mkono wa plasta, Fundi alisimama.

"Sista hakukosea. Kosa ni langu, na nimekuja na ushahidi."

Aliwaeleza taratibu. Hakufika mwisho. Mjukuu wa babu aliyeungua alimpiga kiti cha uso, wengine wakamvamia kwa mabuti. Walinzi walipomchomoa chini yao, mbavu mbili zilikuwa zimevunjika na sikio limechanika. Nesi alipiga magoti, akamkandamizia kitambaa sikioni kwa mkono wake mzima.

"Watakurudishia leseni," Fundi alisema.

"Najua. Niambie kitu kimoja. Kabla hujafungua kompyuta yako, uliniamini?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Akaumeza pamoja na damu.

"Hapana. Niliamini kazi yangu."

Nesi alilia, yeye ambaye hakulia hata walipomvunja. Alikuwa na hasira naye, tena hasira kubwa, lakini bado alimpenda, na hilo ndilo lililomliza. Hakuondoa kitambaa.

"Mama hasemi nami," alisema alipotulia. "Ameambiwa nimeua mzee wa watu. Ukishashonwa, utakwenda kumwambia hayo yote. Hata hilo la kutoniamini."

"Halafu?"

"Halafu, kama hatakufukuza, utoe posa yako. Mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo, nitajibu mwenyewe."