Likizo ya Silvester na Mchezo wa Funua

Jamani wa Nyololo, kaeni niwasimulie habari za nyumba ya Mama Evarista, ile iliyotazamana na yangu. Vijana mmeanza kupiga karata sokoni tangu asubuhi, na nikiwasema mnanicheka, "Dada Lusia na maneno yake." Chekeni, lakini leo mtanisikiliza.

Nyumba ile ilikuwa na amani. Mama Evarista alikaa mlangoni akipukuchua mahindi, na mkwewe Paskalina alishuka bondeni asubuhi na jioni kugema mianzi. Kila masika, ulanzi wa kwanza, hiyo pombe yetu ya mianzi, haukunywewa na mtu. Ulitiwa kwenye mbeta, kile chombo chetu cha mwanzi, ukatundikwa ukutani kumngojea Silvester, mtoto pekee wa mama yule na mume wa Paskalina, aliyekuwa akichimba dhahabu Makongolosi, huko Chunya. Ninyi mnajua ulanzi haukai. Ukichacha sana haunyweki. Basi Paskalina aliumwaga, akatundika mwingine.

"Mwenzangu, unamwaga ulanzi bure," nilimwambia.

"Dada, sitaki aje akute mbeta tupu."

Nilimwonea huruma. Alimtamani mumewe hadi akawa anasimama kila lori lilipopunguza mwendo barabarani, halafu anajifanya alikuwa anaanua nguo.

Sasa sikieni kilichomzuia Silvester. Kule Makongolosi alifanya kazi na Fanueli, kijana wa hapa hapa kwetu. Nyapara wao, mzee Jailos, aliwapanga watu wawili wawili. Kila masika likizo ilikuwa moja kwa kila wawili: mmoja aende kwao, mwenzake ashike shimo. Nani aende, walipatana wenyewe. Wenzao walipokezana, huyu mwaka huu, yule mwaka ujao. Hawa wetu wakaona hiyo haina utamu, wakaamua kuichezea karata.

Mchezo wenyewe waliuita Funua. Unalaza karata kifudifudi, unasema, "Hii ni ree," yaani karata kubwa. Mwenzako anakutazama usoni. Akisadiki, umeshinda, hata kama umelaza garasa, karata isiyo na thamani. Akisema "Funua", unaigeuza. Ikiwa ree kweli, ameumia yeye, na ikiwa garasa, umeumia wewe. Ni hivyo tu. Mchezo wa kudanganyana macho kwa macho.

Silvester aliupenda kuliko chakula. Masika ya kwanza alishinda likizo, akafunga na mzigo. Fanueli akamwambia, "Turudie mara moja tu, au unaogopa?" Silvester akafungua mzigo, akacheza tena, likizo ikaenda kwa Fanueli. Huku nyumbani ulanzi ukamwagwa.

Masika ya pili alibuni hila. Alilaza karata yake, akainamisha kichwa, machozi yakamlengalenga. "Fanueli, hii ni ree. Usinipotezee muda. Mama yangu mgonjwa, nataka kumwona." Fanueli naye ana mama, moyo ukamlegea, akasadiki. Silvester akaigeuza ile karata. Garasa. Akacheka mpaka akashika mbavu, na mzee Jailos aliyekuwa akitazama akacheka naye.

Mama Evarista siku hizo alikuwa mzima, analima. Na kwetu mtu hamtaji mama yake kwa ugonjwa asioumwa. Hata mtoto mdogo akisema hivyo kwa mzaha anapigwa kofi la mdomo. Silvester alilijua hilo, lakini utamu wa kushinda ulikuwa umemziba masikio.

Fanueli alikasirika, akadai marudio. Silvester kwa majivuno akakubali, akalia machozi yale yale. Safari hii Fanueli alisema, "Funua." Ilikuwa garasa tena. Likizo ikahama.

Masika ya tatu Fanueli alishinda mapema. Alikuwa anafunga mzigo wake wakati Crispin, dereva wa lori, alipompitishia Silvester maneno kutoka nyumbani: Mama Evarista ameanguka, hainuki, anamwita mwanawe amwachie wosia. Crispin akaendelea na safari yake. Silvester akakimbilia kwa mwenzake.

"Fanueli, ndugu yangu, niachie likizo. Mama mgonjwa."

Fanueli hakuinua macho. "Funua."

"Nifunue nini? Sina karata hapa. Mama anakufa."

"Na mwaka jana ulilia hivi hivi."

Akaenda kwa nyapara. Mzee Jailos akatabasamu. "Wimbo huo naujua, bwana. Patana na mwenzako." Na kutoroka hakukuwezekana, maana aliyetoroka kazi askari walimrudisha na kumfunga.

Fanueli akaja Nyololo. Alipopitia kwa Mama Evarista kumjulia hali, akakuta tumejaa uani, nami nimemshika mgonjwa mgongo. Alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, akatambua kuwa safari hii Silvester hakudanganya.

"Kamwene, mwanangu," Mama Evarista alimsalimu kwa shida. "Silvester yuko nyuma yako?"

Fanueli, ambaye siku zote akidanganya uso ulimsaliti, safari hii alimtazama mama yule machoni. "Yuko nyuma, mama. Anashusha mizigo kwenye lori."

Mama Evarista akasadiki. Alifurahi, nawaambieni, hata akaomba tumgeuze aelekee mlango. "Paskalina, nipe mbeta. Nitamkaribisha mwenyewe." Paskalina akamwekea mkononi. Alikishika chombo kile, akitazama mlango, mpaka macho yakatulia.

Fanueli hakulala hata kwa mama yake. Alidandia lori la kwanza kurudi Makongolosi kushika shimo, ili mwenzake apate kuja. Silvester alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa tayari umeanza kukauka. Aliingia ndani, akamkuta Paskalina amekichukua chombo kile aumwage ulanzi kama alivyozoea. Akamzuia. Akaunywa wote, umechacha, mkali, huku analia. Tulikuwa tumemzunguka, na nawaambieni kweli, kuna aliyenong'ona, "Sijui kama analia kweli."

Wosia wa mama yake hakuupata. Mama alikataa kumwambia mtu mwingine, kwa kuwa aliambiwa mwanawe yuko nyuma.

FUNZO

Ndugu zangu, mchezo unaomfundisha mtu kudanganya kwa uso mkavu humnyang'anya uso wake. Siku akiwa na shida ya kweli hana cha kuonyesha asadikiwe. Likizo si yako peke yako. Nusu yake ni ya wanaokungoja nyumbani, basi usiiweke kwenye karata. Wala usimsingizie mama yako ugonjwa ili ushinde. Na wewe unayeitwa na wako, nenda wakati bado wanakutazamia mlangoni.