Ndoa Tuliyoifunga Mara Mbili

Kila alfajiri mama mkwe wangu, Mama Suminah, hutwanga manjano na tangawizi, akajaza chupa zake za dawa, akaenda kuziuza sokoni. Siku hiyo alituachia bilauri mbili mezani, yangu na ya mume wangu, Gunarto.

"Kunyweni zote! Miezi minane sasa. Mjukuu yuko wapi?"

Mjukuu atoke wapi, jamani? Kila Gunarto aliponikaribia, mwili ulijifunga. Niliumia, nikalia, akaacha. Na mume wangu nampenda! Basi kwa nini?

Mama akahesabu siku zetu za kuzaliwa, kama tufanyavyo Wajava.

"Ala! Zinagombana hizi. Fungeni ndoa upya, mkosi uondoke."

Tukafunga tena, kwa wali wa manjano na kuku. Wapi! Hali ile ile.

"Idi ikifika bado huna mimba, Wening, utarudi kwenu," mama akaniambia.

Gunarto alikataa. Akanipeleka zahanati, kwa Bi Ratri, mkunga anayeshauri wanandoa. Tulimweleza yote, hata hesabu ya mama. Alinipima, hakuona ugonjwa. Kisha akauliza, "Kabla ya ndoa mlifundishwa nini?"

"Niliambiwa mwanamume hujua mwenyewe," alisema Gunarto. "Kumbe sijui kitu!"

"Mimi shangazi alisema nitachanika, nivumilie."

Bi Ratri akachora mwili wa mwanamke.

"Hapa pana misuli. Ukiogopa, hujikaza yenyewe, kama jicho linavyojifumba likiona vumbi. Si siku za kuzaliwa, wala si kosa lako. Hutibika."

"Kwa hiyo sikuumbwa vibaya?"

"Hata kidogo."

Alitufundisha kupumua, kulegeza misuli hatua kwa hatua, na Gunarto kuacha mara nikisema basi. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto. Lakini kabla ya Idi, siku moja, sikuumia. Nikaangua kicheko.

"Unanicheka?" Gunarto akashtuka.

"Nafurahi, wewe!"

Mama aliuona uso wangu, akauliza dawa gani hiyo. Nikamwonyesha mchoro, nikamweleza yote. Akauchukua ule mchoro.

"Kumbe haitakiwi kuuma?"

"Haitakiwi, mama."

Akaketi.

"Mimi niliumia miaka thelathini, mwanangu. Nilidhani ndiyo ndoa." Machozi yakamtoka. "Na marehemu baba yenu alikuwa mtu mwema. Ningemwambia, angeningoja."