Kikombe cha Gatini

Jioni ile shida yangu ilikuwa sufuria tu. Supu ya kome na viazi, nzito, ya moto, nami naiteremsha hadi ukumbi wa wavuvi, maana kila mwaka baada ya Ngoma watu hula. Mdogo wangu Alden alikuwa nyuma yangu kabeba mikate.

"Dada," akasema njiani, "Foster angekuwa ameshaimaliza hiyo supu."

"Angeimaliza na sufuria yake."

Akacheka kidogo. Nikashukuru hata kwa hicho.

Mwezi wa Februari mwaka ule mashua ya Alden ya kutegea kambakoche ilipinduka nje ya mwamba. Walikuwa wawili, yeye na rafiki yake Foster Quimby. Alden akarudi. Foster hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Tangu hapo Alden hakuwa analala. Alikuwa anakaa dirishani kwangu akitazama maji, na mimi nikilala kwa mang'amung'amu nikimchunga. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba siku moja nitaamka nikute amemfuata.

Sasa, Ngoma yenyewe. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani mji wetu wa Harrow Point haukuwa na manowari, ulikuwa na wavuvi. Serikali changa ikawaruhusu wenye merikebu kuteka meli za Waingereza, na nahodha aliyetaka watu alipita mitaani na ngoma na kikombe cha ramu. Ukikipokea ukanywa, basi umeshakuwa wake. Merikebu iitwayo Constance iliondoka hapa imejaa vijana wetu, ikazama na wote. Husemwa iliondoka pungufu ya mtu mmoja, kijana aliyepokea kikombe, akakimwaga, akakimbilia kwa mama yake.

Ndio hao tunaowakumbuka kila Oktoba. Mzee Wendell Gage, aliyekuwa mpeleka barua wetu, hupiga ngoma hadi gatini, huita, "Nani anakuja nasi?" Mji mzima hunyamaza, mikono mifukoni. Kisha yeye mwenyewe humwaga ramu baharini, tukaenda kula. Mikono mifukoni, kikombe kisipokewe, ndivyo tulivyolelewa. Wageni hudhani ni baridi.

Niliacha sufuria ukumbini tukaenda kusimama na wenzetu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mwisho wa gati hauonekani. Mzee Wendell alikuwa anahangaika na mkanda wa ngoma yake.

"Lois, mwaka huu umetia chumvi, au tunakula tena maji ya viazi?"

"Piga ngoma yako, mzee, acha domo."

Watu wakacheka. Na ngoma ikaanza.

Du... du-du... du...

Nikamgeukia Mzee Wendell nimwambie leo kaanza vizuri. Fimbo zake zilikuwa bado kwapani.

"Sijaanza," akanong'ona.

Du... du-du... du...

Ilitoka upande wa bahari. Mwisho wa gati, kule ambako hakuna kitu ila maji.

Nitasema kweli, ningepaswa kukimbia. Sote tungepaswa. Lakini nilikuwa nimekesha miezi, nimekufa ganzi moyoni, nikabaki nimesimama kama mtu anayesubiri zamu yake dukani. Ikaja harufu ya lami, na ramu iliyochacha, na kitu kingine cha chini ya maji ambacho sitaki kukisema. Halafu nyayo. Chapa... chapa... za mtu aliyelowa.

Akatokea. Koti refu, kofia imeshuka usoni, kikombe cha bati mkononi. Akapita mbele yetu taratibu, mmoja mmoja. Nikasikia mama mmoja anasali kwa meno yaliyobanwa.

Akasimama mbele ya Alden.

"Tumepungukiwa mtu mmoja," akasema. Sauti ilikuwa ya upole tu, ya jirani anayeomba msaada wa kusukuma gari. "Foster anakuulizia."

"Alden," nikanong'ona. "Mikono mifukoni."

"Yuko salama?" Alden akamuuliza yule mtu.

"Ana baridi."

"Wee Alden! Nitazame mimi!"

Hakunitazama. Mkono wake ukatoka mfukoni. Nikaudaka, akanisukuma bila hasira, kama anavyofungua mlango wa nyumba. Akakipokea kikombe.

Hapo nikamwona usoni. Alikuwa ametulia. Tangu Februari sikuwa nimemwona ametulia vile, na ndicho kilichonitisha kuliko yule mtu. Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni.

Kumwaga? Mmoja alishamwaga, na ona bado wanatafuta.

Nikampokonya. Nikanywa.

Nikanywa yote. Haikuwa na ladha. Haikuwaka kooni. Ilishuka tu, kama hewa.

Yule mtu akanitazama kwa muda mrefu. Sikuyaona macho yake, lakini nilijua ananipima.

"Haya," akasema. "Mtu ni mtu."

Akachukua kikombe chake, akarudi ukunguni. Ngoma ikafifia. Mzee Wendell hakuita mwaka ule. Tulikwenda ukumbini tukala.

Huko ukumbini mtu mmoja alisema lile lilikuwa kundi la maigizo la mji wa jirani, wale wanaovaa nguo za zamani. Wengi walilishika neno hilo kwa mikono miwili. Baadaye tukasikia basi la kundi hilo liliharibika njiani, hawakufika kabisa. Hakuna aliyelizungumza tena. Mimi nilikuwa nagawa supu, na Mzee Wendell akanishika kiwiko.

"Lois. Mkono wako."

Nilitazama. Kidole gumba changu kilikuwa ndani ya supu inayotoa moshi. Ngozi ilikuwa imeshaanza kutoka.

Sikuwa nasikia maumivu yoyote.

Daktari anasema ni mishipa ya fahamu, na huzuni, na umri. Huenda. Kwanza vidole, kisha viganja, sasa hadi mabegani. Baridi siisikii, moto siusikii. Na machozi siku hizi hayaji. Najua nampenda mdogo wangu, ninalijua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini nikilitafuta kifuani silikuti.

Alden analala. Anakoroma, hata! Amenunua mashua nyingine, ameipaka rangi ya kijani na kuandika Lois ubavuni, kama wavuvi wa hapa wanavyowafanyia dada na wake zao. Nilimwambia imependeza. Oktoba imerudi, na Mzee Wendell ameshatoa ngoma yake darini.

Jana usiku tulikuwa tunakula samaki, tunaongea habari za bei ya chambo. Alden akaacha kutafuna. Uma wake ukabaki hewani.

"Dada... mbona unapiga hivyo?"

"Napiga nini?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nikatazama mezani. Vidole vyangu vilikuwa vinagonga ubao, taratibu, vyenyewe.

Du... du-du... du...

Nikaitia mikono mifukoni. Huko ndani, kwenye kitambaa, bado nilisikia mlio wa vidole vikigonga.

"Si kitu," nikamwambia. "Kula, mdogo wangu, samaki anapoa."