Ruhusa ya Bwana

Tairi la lori lililotoka Komanda lilipasuka katikati ya soko la Bunia, na mwaka huo wa elfu mbili na nne hakuna aliyengoja kuuliza kama ni tairi au bunduki. Soko zima lilijitupa chini. Lydie alijikuta chini ya meza, pua kwa pua na kijana wa shati jeupe aliyekumbatia mashine ya kuandikia.

"Weye unachunga mashine, siye tufe?"

"Mashine njo inanilisha, chérie. Weye sikujui bado."

Jina lake Gustave, kazi yake kuwaandikia watu barua. Na Lydie, kitenge cha manjano kiunoni, bisibisi ya marehemu baba yake imechomekwa kwenye misuko, alikuwa anatafuta barua.

"Ya kuomba kujifunza kazi," alisema, akijipangusa vumbi.

"Kushona?" Gustave alicheka.

"Courant, umeme! Baba alikuwa fundi kule Fataki. Alinionyesha kufunga waya mbele vita ikuje, bamuue."

Gustave aliacha kucheka, akaingiza karatasi kwenye mashine. Aliandika polepole mno, kidole kimoja kimoja, na Lydie hakulalamika.

Alitaka kitu kimoja tu duniani: nafasi katika karakana ya Muzee Honoré, fundi aliyetengeneza jenereta za mji mzima. Akiikosa, yeye na mama yake Angèle wangebaki kambini karibu na uwanja wa ndege, wakipanga mstari wa unga mpaka meno yang'oke. Lakini huyo Muzee, loo! Alipelekewa barua, akataka cheti cha kuzaliwa.

"Ilichomeka na nyumba, Muzee."

"Leta karatasi ya chef de quartier. Rudi kesho."

Karatasi ya mkuu wa mtaa ikaja. Akaigeuza, akainusa, akapata lingine.

"Mwanamuke haingie hapa bila ruhusa. Ya baba ao ya bwana."

"Baba alikufa. Bwana sina."

"Basi rudi kesho."

Kesho ipi? Wiki tatu Lydie alitembea njia ile, vumbi mpaka magotini, na kila jioni alipitia kwa Gustave kumwaga hasira yake. Gustave alimnunulia maandazi, akamwita roho yangu, na Lydie akaanza kuipenda njia ya kurudi. Siku alipolia, Gustave alisema, "Niachie dossier, makaratasi yako yote. Nitaipeleka mwenyewe."

Kesho yake Muzee Honoré alimpokea kwa meno yote nje.

"Madame! Juu ya nini hukusema? Bwana yako alileta ruhusa. Unaanza lundi. Ila siku yeye akikataa, unatoka."

Lydie aliichukua ruhusa hiyo, akasoma: *Mimi, Gustave, namruhusu mke wangu...* Masikio yalimwaka moto. Nafasi ile, ndiyo hii, mkononi, Jumatatu hii hii. Angenyamaza tu. Lakini nafasi gani hii ambayo mtu mwingine anaweza kuizima kama taa?

"Sina bwana, Muzee. Hii karatasi iko ya kudanganya."

"Basi usirudi. Wala kesho."

Alifika sokoni, akapiga meza ya Gustave.

"Ulinioa na mashine, Gustave? Hukuleta hata mbuzi moja! Hukuuliza mama, hukuniuliza miye!"

"Nilitaka kukusaidia, mupenzi. Na nilikuwa nitakuuliza..."

"Uliandika mbele ya kuuliza!"

Akaenda zake. Siku nne Gustave alipiga simu ya Kavira, jirani yao kambini.

"Mama Kavira, nipe Lydie."

"Anasema haiko."

"Mbona namusikia?"

"Anasema humusikie."

Siku ya tano asubuhi Gustave alipaza sauti kabla hajakatiwa. "Mwambie nilienda kwa Muzee! Nilimwambia miye njo mwenye uongo. Alinitukana, kisha akakaa chini, akaniambia yote. Mwanafunzi wake wa zamani alipigwa na courant, na hakuna mutu alijua mlango wa kupeleka maiti. Hatafuti bwana, Mama Kavira. Anatafuta mutu wa kuita!"

Lydie alinyang'anya simu. "Kweli?"

"Kweli. Na mama yako iko hai."

Asubuhi ile ile Mama Angèle alifunga kitambaa kichwani, akatembea na binti yake mpaka karakana. Hakujua kusoma. Aliinua kidole gumba mbele ya Muzee.

"Miye njo nilimuzaa. Akipigwa, niite miye. Nimeshazika baba yake, najua njia."

Muzee Honoré alitazama kidole kile. Kisha akamsukumia wino, akipige kwenye karatasi.

"Lundi, saa moja. Na huyu mutoto avae pantalon, hapana kitenge."

Lydie alimkuta Gustave mezani pake sokoni, na Gustave akampa karatasi: *Mimi, Gustave, mseja, naomba kwa heshima nafasi moyoni mwako.* Lydie alichomoa bisibisi kichwani, akafuata mistari nayo mmoja mmoja, uso mgumu kabisa. Moyo wake ulikuwa unaruka.

"Dossier haijatimia. Leta wazee wako kwa mama. Leta na ruhusa."

"Ruhusa ya nani tena?"

"Yangu."

"Nitaipata lini, roho yangu?"

Lydie aliikunja karatasi, akaificha kifuani.

"Rudi kesho."