Chembe Zinazotoka Mgongoni

Gidabuday alitoa ng'ombe zizini asubuhi kama kawaida. Aliwapeleka malisho ya mbali, kwa sababu uwanda wa karibu ulikuwa umeshalimwa ngano ya serikali. Hakuipenda ngano ile hata kidogo. Lakini siku hiyo alitembea huku akipiga mluzi. Mke wake Imakulata alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, tena mwenye kishungi cha nywele nyeupe juu ya paji la uso.

"Amefanana na fahali wangu," aliwaambia wachungaji wenzake. "Yule mwenye baka jeupe kichwani. Mtoto huyu ana baraka."

Wenzake walicheka. Lakini kwa Gidabuday hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Aliporudi, furaha ilimwishia mlangoni. Tumbo la mtoto lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma. Alitapika matapishi ya kijani na kukataa ziwa.

"Tangu azaliwe juzi hajapata choo," Imakulata alisema. "Nimpeleke zahanati."

Mama yake Gidabuday alikuwa ameshayeyusha samli. "Zahanati ya nini? Ndama akivimba tunamnywesha samli, anafunguka. Na wewe ni mzazi. Mzazi hatoki nje mpaka miezi yake iishe. Unajua."

Gidabuday aliogopa kwelikweli. Mtoto wao wa kwanza alivimba hivyo hivyo. Alinyweshwa samli, akafia mikononi mwake.

"Mama, subiri kwanza," alisema. Akaenda mbio zahanati ya Nangwa kumwita nesi.

Nesi Scolastica, mwenyeji wa Tlawi, alikuja naye. "Shikamoo, mama," alimwamkia bibi.

"Marahaba. Umekuja kunizuia?"

"Nimekuja kumwona mjukuu wako." Alimpapasa mtoto tumbo. "Amekunywa samli?"

"Bado."

"Afadhali. Msimpe kitu chochote mdomoni. Choo kimekwama. Anahitaji upasuaji haraka."

"Amelogwa?" Gidabuday aliuliza.

"Hapana. Wala mama yake hakukosea kitu." Nesi aligusa kishungi cheupe cha mtoto. "Hebu niambie, fahali wako ana rangi gani?"

Gidabuday alitaka kukasirika. Mwanawe anakufa, na huyu anauliza habari za ng'ombe! "Mweusi. Ana baka jeupe kichwani. Na tumbo jeupe."

"Unajua baka lile limetoka wapi?"

Hakujua. Alikuwa amekaa na ng'ombe maisha yake yote, na hakuwahi kujiuliza.

"Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, mdogo kama punje ya ngano, kuna chembe hai zinazotoka mgongoni kwake na kuanza safari," nesi alisema. "Nyingine zinakwenda kwenye ngozi na nywele, zinatengeneza rangi. Zisipofika, pale panabaki peupe. Nyingine zinatengeneza mifupa ya uso. Nyingine zinaingia kwenye utumbo na kushuka mpaka mwisho. Hizo zinakuwa mishipa ya fahamu, ndiyo inayoamuru utumbo usukume choo."

"Na za mwanangu?"

"Hazikufika mwisho. Kipande cha chini cha utumbo hakina mishipa hiyo, kwa hiyo kimekaza. Samli haiwezi kukifungua."

"Basi kila mwenye kishungi anaumwa?" bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Wengi wao ni wazima. Na wengi wenye ugonjwa huu hawana kishungi. Angalia choo. Mtoto mchanga asipopata choo chake cheusi siku ya kwanza au ya pili, mpeleke hospitali. Akivimba tumbo au akitapika kijani, kimbia."

Gidabuday aliutazama mgongo wa mwanawe, mwembamba, umelowa jasho. Safari kubwa namna hii, gizani, bila njia wala mchungaji!

"Hata mimi zilisafiri hivyo?"

"Hata wewe. Hata mimi. Hata fahali wako."

Bibi aliweka samli chini. Alivua shuka lake, akamfunika Imakulata kuanzia kichwani. "Mzazi hatoki kwa miguu yake," alisema. "Sikusema habari ya kubebwa. Gidabuday, mbebe mkeo!"

Wakafika barabarani. Lori la shamba la ngano lilisimama, na dereva, Xavery, akawapeleka hospitali. Gidabuday alikaa juu ya magunia ya ngano ile ile, akaishukuru.

Kutoka hapo walipelekwa hospitali kubwa Moshi. Madaktari walimtoboa mtoto tundu la kutolea choo tumboni. Alipokua kidogo walikiondoa kile kipande kisicho na mishipa, wakaunganisha utumbo ulio mzima na njia ya kawaida. Walimpima na masikio, kwa sababu chembe zile husaidia kusikia pia. Alisikia vizuri. Alirudi nyumbani akila kuliko baba yake.

Kisha Imakulata alijifungua tena, binti. Wanawake walibishana amefanana na nani. Bibi hakujiunga nao. Alikaa kando ya mtoto, na kila mara alifunua kitambaa, akachungulia, akafunika.

Gidabuday alisubiri zizini. Mwishowe alimwona mama yake anakuja mbio na kitambaa kilichochafuka, cheusi, amekinyanyua juu watu wote wakione.

"Zimefika!" bibi alipiga kelele. "Zimefika mpaka mwisho!"