Miguu ya Maji Kwenye Sensa

"Ulimwambia karani wa sensa hakuna!"

"Nilijibu nilivyo..."

"Hakuna, Baba Eunike! Mtoto anatembea kama kigoda kibovu, wewe..."

"Ningesema nini? Aliuliza, 'Nyumba hii ina mlemavu?' Eunike si mlemavu. Ana miguu ya maji tu. Hata Lemburis wa jirani anayo, na anakimbiza mbuzi!"

"Anakimbizwa na mbuzi!" alisema Ndeshi, mkewe.

Kaanaeli hakucheka. Upande wao wa Meru, maji ya kisima yana madini ya floraidi. Meno yanakuwa kahawia. Mifupa ya watoto inapinda. Watu wamezoea, wanaiita miguu ya maji. Siku ya sensa, nyumba baada ya nyumba walijibu kama yeye. Sasa shirika la maji limetazama takwimu, halijaona tatizo. Machujio ya kuondoa floraidi yamepelekwa wilaya nyingine.

Evelyn, binti wa mama mkubwa wa Ndeshi, alikuwa amekuja kutoka Njiro, mjini Arusha, kuwasalimia. Kazi yake ni takwimu za sensa.

"Shemeji, ukimaliza kupigwa, njoo," alisema. Alichora 2 kwa mwiba kwenye jani la mgomba. "Hii nini?"

"Ndizi mbili."

"Huyu ni Eunike."

Kaanaeli alimkodolea macho.

"Data za sensa zikitolewa, majina yanafutwa," Evelyn alisema. "Kijiji pia kinafutwa. Zinabaki wilaya na tarakimu. Kwenye swali lile, moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Msomaji wa shirika alikuta mbili, mbili, mbili. Akadhani mna afya kama twiga."

"Basi rudisheni majina!"

"Thubutu! Unataka Arusha nzima ijue una watoto wangapi kwa Hanna?"

"Hanna gani?" Ndeshi aliruka.

"Natania, dada! Lakini umeona? Ndiyo maana majina yanafutwa. Kilichokosekana ni maelezo. Data zitoke pamoja na maelezo yake. Swali liliulizwaje? Aliulizwa nani? Tarakimu ina maana gani? Watu walielewaje? Bila hayo namba ni bubu. Kila mtu anaisemea anavyotaka."

Evelyn alipita nyumba kwa nyumba, akiuliza watu walilielewaje swali. Ofisini alibishana mpaka sauti ikakauka. Mwishowe maelezo yalichapishwa, yakawekwa pamoja na data, kila anayezichukua ayasome. Humo kulikuwa na angalizo: "Wilayani humu wengi hawaiti mifupa iliyopinda ulemavu. 'Hapana' isisomwe kuwa watoto wote ni wazima."

Mwaka ukapita. Shirika lilisoma angalizo, likaja kutazama miguu yenyewe. Shule ikapata chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Watoto wadogo wakaanza kunywa maji salama.

Lakini daktari alimweleza Kaanaeli ukweli. Mfupa uliokwisha kupinda, maji mazuri hayaunyooshi. Kaanaeli alirudi nyumbani, akakaa kwenye migomba, hakutaka hata chai.

Evelyn alipoleta kitabu cha maelezo, Kaanaeli alikishika kama kitu kizito.

"Vizuri," alisema. "Vizuri kwa wanaokuja. Wangu ameshapinda."

Evelyn aliketi kando yake.

Eunike alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo yake. Kumbe siku zote alikuwa akisikiliza.

"Mama mdogo," alisema, "nitafute humo ndani. Futa mbili yangu. Uniandike moja."